Umetunga Viazi, Sasa Tunga Mlaji

Siku ile kwenye mizani tulikuwepo hawa. Mimi, nikiwa na miaka kumi na mitano. Dada yangu anayenifuata, ambaye leo amekaa pale karibu na mlango na ameanza kulia kabla sijasema neno. Wadogo zetu wawili wa kiume, waliokuwa wakicheza na maganda ya kahawa kivulini. Karani wa mizani, mtu wa kutoka magharibi ya nchi, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Mnyapara. Homgadi mmoja aliyekaa juu ya gunia akitafuna muwa. Wachumaji wa kahawa kama arobaini, karibu wote wanawake. Na mama mmoja aliyefika wa mwisho.

Nawataja kwa kazi zao, si kwa majina. Wengi wameshakufa, na baadhi ya wajukuu wao wameketi humu kanisani leo. Sikuja kumwaibisha mtu isipokuwa mimi mwenyewe.

Pasta ameniomba niwaeleze nilipata wapi haya mapenzi ya mashairi. Nyinyi mnanijua kama nyanya anayewafundisha watoto wenu mashairi ya Krismasi. Mnadhani nilifundishwa na mwalimu fulani mpole. Ndugu zangu, nitawaambia ukweli: shairi la kwanza nililolipenda maishani mwangu lilikuwa la kunitukana.

Nirudi nyuma kidogo. Ilikuwa miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni. Baba alichukuliwa kwenye lori kwenda kuhojiwa, tukaletewa koti lake bila yeye. Mama alikufa kwa homa mwaka uliofuata, katika kijiji tulichohamishiwa kwa lazima, chenye handaki pande zote na homgadi langoni. Homgadi walikuwa watu wetu wenyewe waliopewa bunduki na serikali ili watulinde, au watuchunge, kutegemea unamuuliza nani.

Waliokuja kumzika mama walikuwa na haraka, kwa sababu walikuwa na wengine wa kuzika. Kabla hawajafika nilimvua gauni lake. Nilimfunga kwa gunia. Lilikuwa gauni la kijani, zuri, na mimi sikuwa na nguo ya kuendea kazini. Sikumwambia mtu, hata dada yangu. Nilikuwa darasa la tatu. Wiki iliyofuata sikuwa tena wa darasa lolote. Nilikuwa mchumaji katika shamba moja la kahawa, kati ya Ruiru na Murera, tukapewa chumba katika kambi ya wachumaji, na wadogo zangu walikuwa wameanza kuniita Maitu, yaani mama. Sikuwakataza.

Sasa sikilizeni desturi ya shamba lile. Kuimba kwenye safu za kahawa kulikatazwa. Wakubwa waliogopa kwamba kwa nyimbo tunapeana habari. Lakini kwenye mizani jioni, mbele ya mnyapara, kitu kimoja kiliruhusiwa. Mchumaji aliyefika wa mwisho alitungiwa mistari mitatu papo hapo, huku akitembea na debe lake katikati ya watu. Ilikuwa lazima iwe kwa Kiswahili, ili mnyapara na karani wasikie kila neno. Baada ya kila mstari sote tuliitikia, "Mwaga!" Baada ya mstari wa tatu ndipo ulipomwaga buni zako zipimwe. Ukiweza kumjibu aliyekutungia kwa mistari mitatu yako, umejikomboa. Usipoweza, mistari ile ilikufuata kama jina lako mpaka siku utakayojibu.

Mtungaji mkubwa alikuwa mama mmoja mjane. Nitamwita Mama wa Safu ya Kwanza, kwa sababu safu hiyo ilikuwa yake: miti minene, karibu na mizani, ambayo mnyapara aliwapa wachumaji wenye mikono myepesi. Siku yangu ya tatu kazini nilifika wa mwisho. Mama huyo aliweka debe lake chini, akanitazama mgongoni, pale nilipopunguza gauni la mama kwa miiba kwa kuwa lilinizidi, akasema hivi:

*Nguo imekuja kazini, mtu amebaki nyumbani.*

"Mwaga!"

*Miiba mitatu mgongoni inashika kiuno cha marehemu.*

"Mwaga!"

*Tumuulize aliyelala: ulimwazima, au alikuvua?*

"Mwaga!"

Waliangua kicheko. Mmoja alisema, "Haiya! Huyu mtoto ameuawa akiwa wima." Nikamwaga buni zangu. Mama yule hakujua chochote kuhusu kifo cha mama yangu. Alitazama miiba mitatu tu, akafika hadi ndani ya nyumba yetu, hadi kwenye lile gunia.

Jioni nikipika uji, dada yangu aliniuliza, "Unaimba nini?"

"Siimbi."

"Unaimba ile ya nguo."

Kumbe ni kweli. Nilikuwa nimeumia, na bado mdomo wangu ulikuwa unairudia, kwa sababu ilikuwa imekaa vizuri. Sijui niwaeleze vipi. Tangu mama afe, kila mtu alikuwa akisema maneno yasiyogusa kitu: poleni, Mungu anajua, mtazoea. Mama yule mkatili ndiye wa kwanza kusema kitu kilichokuwa kweli.

Dada yangu akaanza kutembea chumbani akijifanya ana debe mgongoni. "Ulimwazima," akaniuliza kwa sauti ya yule mama, "au ulimvua?" Akacheka. Kisha akaniangalia. Kisha hakucheka.

Uji ukaungua. Halafu akasema, "Basi toa hiyo miiba. Tushone."

Tulishona. Na mimi kuanzia siku hiyo nikawa mgonjwa wa mistari.

Nilitunga nikichuma. Sheria ya kuchuma ni moja, buni nyekundu tu, mbichi iache mtini, na vidole vyangu vilipozoea kuchagua, kichwa nacho kikaanza kuchagua maneno. Baada ya wiki mbili nilijaribu kumjibu Mama wa Safu ya Kwanza mbele ya watu. Sikumbuki nilisema nini, ila nakumbuka jibu lake. Hata hakugeuka.

"Mbichi hiyo," alisema. "Irudishe mtini."

Walicheka kuliko mara ya kwanza. Nikajaribu tena mwezi uliofuata. "Mbichi." Na tena. "Mbichi, na ina mdudu." Msimu mzima jina langu likawa Nguo. "Nguo, sogea." "Nguo, umeacha nyekundu kule nyuma." Mnyapara naye aliniita Nguo. Nilimchukia mama yule, na kila jioni nilikaza masikio nisikose neno lake hata moja. Vyote viwili, kwa nguvu ileile.

Msimu uliofuata nikaanza kuona jambo. Kila adhuhuri, tukikaa kula, Mama wa Safu ya Kwanza alikuwa na viazi vitamu vinne ndani ya majani ya mgomba. Aliinuka navyo kuelekea mtoni, kama mtu anayekwenda kujisaidia. Alirudi na majani matupu. Lakini mdomo wake ulikuwa mkavu, hana hata chembe ya kiazi kwenye meno. Nilimtazama siku tatu. Nilimtazama kama yeye alivyotazama miiba yangu. Na siku ya nne, kwa sababu ya hiyo safari ya mtoni, akafika kwenye mizani wa mwisho.

Hiyo ndiyo siku niliyoanza nayo. Mama ambaye hajawahi kuchelewa anakuja peke yake na debe mgongoni, hakuna anayethubutu kumtungia. Nikatoka kwenye foleni.

*Mdomo mmoja, viazi vinne, vimefungwa vinakwenda mtoni.*

"Mwaga!"

*Yamerudi majani matupu, na mla hana chembe menoni.*

"Mwaga!"

*Mama wa Safu ya Kwanza, walisha samaki, au mume mpya?*

Ndugu zangu, hamjawahi kusikia kicheko kama kile. Wanawake walishikana. Karani aliangusha kalamu. Mnyapara alijipiga mapaja, akasema, "Wewe kairitu, msichana wewe! Leo umeivisha!" Mwaka mzima wa kuitwa Nguo uliisha hapo. Niliona kwamba mistari yangu ilikuwa mizuri, na nawaambia bila kuficha, ilikuwa mizuri.

Watu wawili hawakucheka. Mama mwenyewe, aliyemwaga buni zake bila kujibu. Na homgadi aliyekuwa juu ya gunia, ambaye aliacha kutafuna muwa.

"Viazi vingapi, ulisema?" akaniuliza kwa upole.

"Vinne."

"Na ni upande gani wa mto?"

"Penye mawe makubwa," nikasema. Niliyajua mawe hayo vizuri kwa sababu nilikuwa nimejaribu kuyaingiza kwenye mstari wa pili yakakataa kukaa. Nilifurahi kwamba kuna mtu anayetaka kuyasikia.

Mtaniuliza, hukujua? Nilijua kuna watu waliojificha, wanaotafutwa na serikali, na kwamba kuna wanaowalisha. Kila mtoto wa Ruiru alijua. Mimi mwenyewe niliwahi kufundishwa kusema "sijui" kabla ya kusikia swali. Lakini jioni ile nilikuwa ndani ya ushindi wangu. Sikuona mtu mbele yangu mwenye bunduki, niliona msikilizaji.

Asubuhi yake, tukiwa tumeshaanza kuchuma, homgadi walimleta. Alikuwa kijana, mwana wa mama yule, wa pekee. Walikuwa wamemfunga mikono nyuma, na walimpitisha katikati ya safu zetu makusudi ili tumwone. Nilisikia wanakuja kwenye safu yangu. Niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta buni chini. Kwa hiyo niliona miguu yake tu. Miguu mitupu. Iliyobaki sikuiona, kwa sababu sikuinua macho.

Mama yake hakulia. Mikono yake iliendelea kuchuma. Alipoleta debe kwenye mizani, lilikuwa limejaa mbichi tupu, kijani kibichi mpaka juu. Mnyapara alilipiga teke. Kijana alipakiwa kwenye lori likaelekea Thika, na hakuna aliyemwona tena, wala hakuna aliyewahi kumwambia mama yake amezikwa wapi. Siku hiyohiyo mama naye alifukuzwa.

Kesho yake mnyapara alinipa safu ya kwanza.

Na mimi niliichukua. Hapa ndipo nilipoanguka kabisa, kwa hiyo sitapita haraka. Ningeweza kuwaambia kwamba nilikuwa na wadogo watatu wenye njaa, na ni kweli. Lakini miti ile ilikuwa bado na alama za vidole vyake, matawi aliyoyainamisha kwa miaka. Niliyashika palepale alipoyashika. Nilijaza debe kabla ya wote.

Hakuna mwanamke aliyenisema. Hakuna aliyenitungia. Nilichelewa makusudi siku moja nione, nikatembea na debe katikati ya watu arobaini, kimya. Nikamwaga bila kuitikiwa. Mnyapara tu ndiye aliyenifurahia. Alipata wageni akaniita niwaimbie ile ya viazi. Niliimba. Alinipa sukari ndani ya karatasi. Wadogo zangu waliilamba kwa vidole. Dada yangu hakuonja.

Kisha ikaja siku aliyoniita kando. "Yule wa safu ya saba," alisema, "siku hizi haongei na watu. Kwa nini? Wewe una macho. Nitungie."

"Sina mistari, mzee."

"Safu ya kwanza ni ya wenye mistari."

"Sina."

"Na chumba cha kambi?"

Nilikuwa nimeona mambo ya yule wa safu ya saba, msinidhanie. Nilikuwa nimeyaona yote, na mstari wa kwanza ulikuwa tayari mdomoni, mzuri kama ule mwingine. Niliumeza. Nikasema kwa mara ya tatu, "Sina mistari." Alinizaba kofi nikaanguka juu ya debe langu. Kabla ya saa sita vyungu vyetu vilikuwa nje, na mvua inanyesha.

Karani wa mizani ndiye aliyetutembelea chini ya mti tulipojikinga mvua. Alikwenda mwenyewe ofisini kutuombea pasi ya kwenda Thika, maana bila pasi tungekamatwa njiani. Alinipa pia daftari moja, jipya. "Wewe usiimbe tena," aliniambia. "Andika. Ukiandika unapata muda wa kufuta."

Thika nilipata kazi ya kuchambua kahawa. Wanawake walikaa kwenye meza ndefu, buni zimemwagwa mbele yao, mikono inatoa zilizovunjika na zilizooza. Msimamizi alinionyesha kiti kilichokuwa wazi. Kilikuwa kinatazamana na Mama wa Safu ya Kwanza.

Tulikaa hivyo miezi minne. Umbali wetu ulikuwa upana wa meza. Hakuniambia neno. Vidole vyetu viligusana wakati mwingine kwenye lundo moja, na yeye hakutoa vyake. Mimi ndiye niliyetoa. Kila siku nilifikiri kuacha kazi, na kila jioni niliona vichwa vitatu nyumbani nikarudi.

Jumamosi moja wanawake walikuwa wanazungumza juu ya chakula, na dada yangu, aliyekuwa ameniletea ujumbe, akasema bila kufikiri kwamba sisi Jumamosi hatupiki, hakuna cha kupika. Mama akafungua kitambaa chake. Akaweka viazi vinne juu ya buni, mbele yangu, kimoja kimoja.

"Hesabu," akasema.

Sikuweza.

"Ulijua kuhesabu. Hesabu."

"Kimoja," nilisema. "Viwili. Vitatu. Vinne." Meza nzima ilikuwa imeacha kazi.

"Sasa chukua. Peleka kwa watoto." Nilipovichukua akanishika mkono, akaukaza mpaka mifupa ikauma. "Ulinitungia, na mimi sijajibu. Jibu langu ni hili. Umetunga viazi. Sasa tunga mlaji. Wewe una macho, ulimwona akipita. Mimi nimeanza kuusahau mdomo wake. Nitungie mwanangu, mistari mitatu, mpaka nimwone. Usipoweza, jina lako la Nguo utakufa nalo."

Jioni ile nililia kuliko siku aliyokufa mama yangu. Na nikafungua lile daftari.

Nilimletea mistari kwa miaka mingi. Alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye lundo lake. "Mbichi." "Mbichi." Mara moja niliandika kwamba mwanawe alipita akitabasamu. Alipiga meza kwa kiganja buni zikaruka. "Hiyo hukuiona! Usinipe tabasamu la kununua dukani." Hakunisamehe kwa maneno, hata siku moja. Lakini alinifundisha. Aliniambia mwanawe alivyokula kiazi na ganda lake, alivyoogopa kuku akiwa mdogo, alivyokuwa akibishana. Alinifundisha kutupa neno zuri likiwa la uongo, na kulibakiza baya likiwa la kweli. Wadogo zangu walisoma, mmoja ni fundi, mnamjua. Viazi vya Jumamosi havikukosa. Nami nina madaftari kumi na moja nyumbani, na hakuna asubuhi ninayoamka bila kutaka kuandika. Kitu kilichoniangusha ndicho kilichonilea. Siwezi kuvitenganisha, nimejaribu.

Alipokuwa amelala kitandani kwa mara ya mwisho nilikwenda kumwona mchana mmoja.

"Soma," alisema.

Nikasoma mstari wa kwanza. Nikasoma wa pili. Alifumba macho, na kwa mara ya kwanza hakusema mbichi.

"Na mdomo?" akaniuliza.

Nilikuwa nimemficha jambo hilo miaka yote. Nikasema, "Sikuuona, Mama. Nilitazama chini. Niliona miguu tu."

Aligeuzia uso ukutani, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Angalau hiyo imeiva." Na baadaye kidogo, "Lakini bado nakudai."

Alizikwa siku tatu baadaye, na alizikwa na gauni lake. Nilihakikisha mwenyewe.

Namshukuru karani yule aliyenipa daftari. Popote watoto wake walipo, Mungu awaone. Namshukuru dada yangu, aliyekataa sukari. Namshukuru mama ambaye alikuwa na haki ya kuniacha nife njaa, akanipa viazi na kunifanya nivihesabu. Na kwa watoto ninaowafundisha: ukishaona kitu kwa jicho kali, kabla ya kukisema geuka utazame nani amekaa juu ya gunia anasikiliza. Na mtu akipitishwa mbele yako amefungwa, inua kichwa. Mtazame usoni. Usimwache apite bila kuonwa.

Mistari yenyewe ni hii:

*Kisigino chake kimepasuka kama shamba la Januari.*

*Amefungwa mikono, na bado anaruka buni iliyoanguka, asiikanyage.*

Wa tatu ni uso. Huo bado ninadaiwa.

Msiitikie "Mwaga". Sijafika kwenye mizani.